SOMO: KUKATA CHUMA KWA GESI



Tunapozunguka vijijini tunakuta vikundi vya vijana vilivyoanza na mashine ya kuchomelea madirisha na milango, na sasa vinataka kuongeza mitungi miwili ya gesi ili viweze kukata chuma kinene: kutengeneza plau, kurekebisha mikokoteni, kuunda mageti ya shule. Mpango ni mzuri, na kazi ipo. Swali tunaloulizwa kila mara ni bei ya mitungi. Sisi tunauliza kwanza: nani kati yenu anajua kuitumia?

Wengi husema gesi inayeyusha chuma. Sivyo hasa. Moto wa asetilini kazi yake ni kupasha joto tu, mpaka chuma kiwe chekundu cha kung'aa, karibu nyuzi 900. Hapo fundi hubonyeza mkono wa kikatio, na oksijeni tupu hutoka kwa nguvu katikati ya mdomo. Chuma chenyewe huanza kuungua kama kuni zinavyoungua jikoni. Jivu lake huyeyuka kwa joto dogo kuliko chuma, kwa hiyo upepo wa oksijeni hulisukuma chini likiwa kama uji mwekundu, na nafasi hubaki wazi. Oksijeni ndiyo inayokata.

Mkilishika hilo, mengine yanafuata. Kwa nini alumini na stenlesi hazikatiki kwa gesi? Kwa sababu ngozi inayojitengeneza juu yake huyeyuka kwa joto kubwa kuliko chuma chenyewe, basi inaziba njia. Chuma cha kumiminwa nacho, kama miguu ya cherehani za zamani, kinasumbua na kutoa matuta. Na kwa nini tunasisitiza brashi ya waya? Kwa sababu rangi, matope na kutu nene huzuia oksijeni kufikia chuma. Dakika tano za kusugua zinaokoa gesi nyingi, na gesi ni pesa ya kikundi.

Chora mstari kwa chaki. Anzia ukingoni, siyo katikati. Ncha za miali midogo ya ndani zikae kama milimita 3 juu ya chuma. Ngoja wekundu uje, kisha bonyeza oksijeni na uanze kusogea. Halafu sikiliza! Mkato mzuri hutoa sauti kama kitambaa kinachopasuliwa, na cheche huanguka chini. Cheche zikirudi juu usoni, unakimbia mno au mdomo umeziba. Ukingo wa juu ukiyeyuka na kuwa mviringo, unachelewa, ama moto ni mkubwa kuliko kazi. Mdomo usafishwe kwa sindano zake maalum. Msumari hupanua tundu, na baada ya hapo mkato haunyooki tena.

Mjini siku hizi kuna karakana zenye mashine za leza zinazoongozwa na kompyuta. Hukata bati kwa unyoofu ambao mkono hauwezi, hata stenlesi, kwa kupuliza nitrojeni. Kwa chuma cha kawaida nazo mara nyingi hupuliza oksijeni, kwa hiyo kanuni ni ile ile mliyosoma hapo juu. Kama mna oda ya vipande mia vya bati jembamba vinavyofanana, heri mpeleke kazi huko na kuongeza gharama yake kwa bei ya mteja. Gesi itakunja bati lenu na hasara itakuwa yenu.

Sasa mitungi. Ule wa oksijeni ukijaa una mgandamizo mkubwa sana, kiasi cha paundi 2,000 na zaidi kwa kila inchi ya mraba. Ukianguka na shingo kukatika, unaruka kama kombora. Ufungeni ukutani kwa mnyororo. Msipake grisi wala mafuta ya kupikia kwenye nyuzi zake, kwa sababu mafuta yakikutana na oksijeni hiyo yanaweza kuwaka yenyewe. Na msipulize vumbi kwenye nguo kwa oksijeni. Tumeona vijana wakifanya hivyo huku wanacheka. Nguo iliyojaa oksijeni hushika moto kwa cheche moja tu.

Asetilini ina tabia yake. Ndani ya mtungi imeyeyushwa katika maji maji fulani, kwa hiyo mtungi usimame wakati wote. Mgandamizo kwenye mpira usipite paundi 15, maana juu ya hapo gesi hiyo inaweza kulipuka bila hata kuguswa na hewa. Mpira ukikatika, msiunge kwa kipande cha paipu ya shaba nyekundu: shaba na asetilini huzaa kitu kinacholipuka. Wekeni vile vizuizi vya moto kurudi nyuma, mitungi yote miwili. Duka likiwaambia si lazima, tafuteni duka lingine. Mkisikia mluzi ndani ya kikatio, fungeni oksijeni mara moja, kisha asetilini. Uvujaji utafutwe kwa maji ya sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Jambo linalotutia hofu kuliko yote ni pipa. Kila kijiji kinataka pipa likatwe: la maji, la jiko, la kunyweshea ng'ombe. Pipa lililokuwa na dizeli, petroli au oili linaonekana tupu, na pengine limekaa juani mwaka mzima. Lakini mafuta yamejificha kwenye mikunjo na kwenye kutu. Moto ukigusa, yanageuka mvuke, mvuke unachanganyika na hewa, na kifuniko kinaruka. Kusuuza kwa maji baridi hakutoshi. Ushauri wetu ni mfupi: pipa msilikate kwa moto wa aina yoyote. Mafundi wengi wa jua kali hulikata kwa tindo na nyundo, likiwa limefunguliwa vifuniko vyote. Ni kelele, ni jasho, na fundi anarudi nyumbani jioni.

Kuhusu macho: miwani ya jua haitoshi. Nunueni miwani ya kukatia yenye namba 4 au 5. Na mabati yenye zinki yakatiwe nje, fundi akisimama upande upepo unakotoka. Moshi wake mweupe huleta homa na kutetemeka usiku, na wengi hudhani ni malaria. Mkifika zahanati, mwambieni daktari ulikuwa unakata nini mchana.

Ya kujadili katika mkutano wenu: Mitungi yetu inalala wapi usiku, na ufunguo uko kwa nani? Nani amefundishwa, na nani anaazima kikatio bila kufundishwa? Mteja akija na pipa la dizeli na pesa mkononi, nani katika kikundi atamwambia hapana?