Nuru ambayo macho hayaioni

Mvua ikiisha na jua likitoka, watoto hupiga kelele: «Tazameni upinde wa mvua!» Ninyi pia mmeuona mara nyingi. Juu ni nyekundu, chini ni zambarau, na rangi nyingine zimepangwa katikati. Lakini kupita ile nyekundu, kuna nini? Mtajibu: hakuna kitu. Watu wote walijibu hivyo mpaka mwaka 1800.

Mwaka ule alikuwako Uingereza mtu aliyeitwa William Herschel, mzaliwa wa Ujerumani. Kwanza alikuwa mpiga muziki, kisha akawa mchunguzi wa nyota. Alitaka kujua kila rangi ya nuru inaleta joto kiasi gani. Akapitisha nuru ya jua katika kioo chenye pande tatu. Nuru ikagawanyika, rangi zikaangukia meza. Akaweka kipimajoto katika rangi moja moja. Katika zambarau joto lilipanda kidogo, katika kijani likazidi, katika nyekundu likazidi tena. Halafu akakiweka kando ya nyekundu, mahali pasipo na rangi yoyote. Mwaonaje? Joto likapanda kuliko mahali pote! Basi nuru ilikuwako pale, ila macho hayakuiona. Ninyi wenyewe mwaijua kwa ngozi: pasi ya makaa haing’ai, lakini ukiikaribia kwa shavu unasikia joto lake kabla hujaigusa.

Mwaka 1801 Johann Ritter, Mjerumani, akachunguza upande wa pili, kupita zambarau. Alitumia karatasi yenye chumvi ya fedha, ambayo hugeuka nyeusi ikipigwa na nuru. Ikageuka nyeusi upesi zaidi mahali pasipoonekana kitu. Hiyo ndiyo nuru inayounguza ngozi. Sisi wenye ngozi nyeusi tunakingwa kiasi. Mwenzetu albino hana kinga hiyo; jua humtia vidonda, na vingine hugeuka kansa. Kwa hiyo huvaa kofia pana na nguo ya mikono mirefu, naye hutafuta kivuli. Anayemcheka hajui anachokicheka.

Nuru hizi zote ni ndugu. Zote zinakwenda kama mawimbi, kwa mbio moja, kilometa 300.000 kwa sekunde; kutoka jua mpaka kwetu ni dakika 8 na kidogo. Zinatofautiana kwa urefu wa wimbi. Tazameni maji ya ziwa: siku ya upepo mkali, toka wimbi moja hata la pili ni mbali, ukitupa kijiwe, viwimbi vinafuatana karibu karibu. Katika milimeta moja yanaenea mawimbi 1.400 hivi ya nuru nyekundu, na 2.500 ya zambarau. Mawimbi ya redio ni marefu mno: yale ya FM yapata meta 3, hatua nne za mtu mzima. Heinrich Hertz aliyatoa na kuyapima katika miaka 1887 na 1888. Leo yanachukua sauti zetu katika redio na simu za mkononi.

Tena yako mafupi kuliko zambarau. Miali ya X, iliyovumbuliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895, inapita katika nyama lakini mfupa unaizuia. Ndivyo daktari anavyoona mfupa uliovunjika. Mafupi kabisa ni miali ya gama. Mawe mengine huitoa, nayo yako hata kwetu Katanga, huko Shinkolobwe. Katika miaka ya 1920 mawe yale yalipelekwa Ubelgiji, yakatolewa radiumu ya kutibu kansa. Lakini miali inayoua kansa huharibu pia mwili mzima. Haina harufu, wala haiumi. Marie Curie, aliyevumbua radiumu pamoja na mumewe mwaka 1898, alikufa mwaka 1934 kwa ugonjwa wa damu ulioletwa na miali hiyo. Mawe ya Shinkolobwe ni mazito, mengine yana rangi nzuri ya manjano au kijani. Mtu akikupa moja, usilitie mfukoni, wala usilipeleke nyumbani kwa mdogo wako achezee.

Maulizo
1. Herschel alijuaje kwamba kando ya nyekundu kuna nuru?
2. Kwa nini albino huvaa kofia pana?
3. Mawimbi gani ni marefu zaidi: ya redio au ya nuru nyekundu?