Makro katika Hesabu za Zahanati: Nafasi Tupu si Sifuri

Kila mwezi unapomalizika, wahudumu wa zahanati za Kasulu na Kibondo hujumlisha yaliyoandikwa katika vitabu vya MTUHA: wagonjwa wa nje, waliopimwa malaria, waliokutwa na vimelea, watoto wa chini ya miaka mitano. Pale ambapo takwimu hizo hupitia kwanza katika lahajedwali ya kompyuta, kazi ya kunakili na kujumlisha yaweza kukabidhiwa makro, yaani mfululizo wa amri uliohifadhiwa kwa jina moja. Mtumiaji hufanya kazi yote mara moja huku programu ikirekodi hatua zake. Mwezi unaofuata hubonyeza kitufe kimoja tu ili zirudiwe. Katika Excel amri hizo huandikwa kwa lugha ya VBA, iliyoingizwa humo mwaka 1993, lakini hata asiyeijua lugha hiyo anaweza kurekodi makro yenye manufaa.

Ugumu ni kwamba makro iliyorekodiwa hukumbuka mahali, haikumbuki maana. Ikirekodiwa juu ya mistari 120, yaweza kuishia mstari wa 120 hata katika mwezi wa mvua wenye mistari 300, wala haitatoa onyo lolote. Uingereza ilionja jambo linalofanana na hilo mwaka 2020: faili za muundo wa zamani wa Excel, usiopokea zaidi ya mistari 65,536, zilijaa, na wagonjwa 15,841 wa UVIKO-19 wakakosekana katika taarifa za kati ya Septemba 25 na Oktoba 2. Ufuatiliaji wa waliokutana nao ukachelewa.

Kosa linalostahili kuogopwa zaidi huku ni dogo kwa macho. Zahanati iliyoishiwa vipimo vya haraka vya malaria haina idadi ya waliokutwa na vimelea, hivyo nafasi hiyo huachwa tupu. Katika VBA, seli tupu ikilinganishwa na 0 huhesabiwa kuwa sawa nayo. Makro isiyoelekezwa vinginevyo yaweza basi kugeuza “hatukupima” kuwa “tulipima, hatukuona mgonjwa”. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 ulikuta vimelea kwa takriban asilimia 24 ya watoto wa Kigoma wenye umri wa miezi 6 hadi 59. Sifuri ya mwezi mzima katika mkoa kama huo ni ya kutiliwa shaka. Tena makadirio ya dawa yakitegemea takwimu hizo, zahanati iliyopungukiwa ndiyo itakayoonekana haina haja. Dawa yake ni kuiamuru makro ikague kwanza kwa IsEmpty, na penye nafasi tupu iandike “haijaripotiwa”.

Orodha za vituo nazo huzeeka. Mwaka 2012 Buhigwe ilimegwa kutoka Kasulu, na Kakonko kutoka Kibondo. Mwishoni mwa mwaka huohuo kambi ya wakimbizi ya Mtabila, wilayani Kasulu, ikafungwa na wengi wa Warundi waliokuwamo wakarejeshwa kwao. Makro yenye majina na idadi za watu za mwaka 2011 ndani yake ingeendelea kugawanya wagonjwa kwa watu wasiokuwapo tena. Majina na idadi hizo ziwekwe katika karatasi ya pembeni inayoweza kurekebishwa na yeyote, zisifichwe ndani ya amri.

Kabla ya kuiendesha makro, faili inakiliwe, kwa sababu kilichobadilishwa na makro kwa kawaida hakirudishwi kwa amri ya kutendua. Baada yake, zahanati moja ijumlishwe kwa mkono na kulinganishwa. Makro iliyotumwa na mtu asiyejulikana isifunguliwe kabisa. Kirusi cha Melissa kilienea kwa njia ya makro mwaka 1999.

Mzazi pia ana sehemu yake dirishani. Mtoto wa miezi 8 akiandikwa “8” tu, makro humweka pamoja na wa miaka minane, nje ya kundi la chini ya miaka mitano. Anapoulizwa umri wa mtoto, ataje miezi, na mhudumu aiandike kama miezi.