Nani Anamla Nani Kando ya Bandari ya Bujumbura

Muulize mchuuzi wa samaki karibu na Bandari ya Bujumbura nani anamla nani katika Ziwa Tanganyika, atakujibu bila kusita: ndagala anakula vijidudu vinavyoelea majini, mukeke anamla ndagala, nasi tunamla mukeke. Ni kweli, ila amemsahau mlaji anayewapata wote: kimelea.

Funua shavu la ndagala. Kwenye matamvua mekundu huishi minyoo ambayo jicho tupu huikosa, imejishikiza kwa kulabu. Sisi haitudhuru. Mukeke naye ana minyoo yake. Na mambo si hapa tu: mwaka 2006 watafiti waliochora mtandao wa chakula wa kinamasi kimoja cha pwani huko California, Marekani, walikuta kwamba takriban asilimia 75 ya uhusiano wote wa kulana unahusu vimelea.

Kwa mkazi wa Bujumbura, kimelea cha kuogopa ni kile cha kichocho cha matumbo. Mayai yake hutoka na kinyesi cha mgonjwa. Yakifika majini huanguliwa, na kiluwiluwi humsaka konokono mdogo anayependa maji yaliyotulia yenye majani. Ndani ya konokono huyo huzaliana kwa maelfu, na konokono mwenyewe karibu anaacha kutaga. Kisha viluwiluwi vipya humtoka, hasa jua linapokuwa kali, vikitafuta ngozi ya mtu. Visipoipata hufa ndani ya siku moja au mbili, na vingi huliwa na samaki wadogo. Kumbe anayetula sisi naye ni kitoweo cha wengine!

Hapo ndipo uvuvi unapogusana na afya. Katika Ziwa Malawi, samaki wanaokula konokono walipovuliwa kupita kiasi karibu na ufuko, konokono waliongezeka na kichocho kikapanda vijijini. Ziwa Tanganyika pia lina samaki wenye meno ya kooni yanayoponda makombe ya konokono. Kwa maoni yangu, anayekokota nyavu ufukweni na kuzoa hata wachanga anawapunguza walinzi wetu wenyewe.

Mafuriko nayo yana sehemu yake. Aprili 2024 ziwa lilipanda hadi likaingia bandarini. Maji ya namna hiyo hubeba uchafu wa vyoo, na yakirudi nyuma huacha vidimbwi vilivyotulia, anavyovipenda yule konokono.

Basi, usioge wala kufua penye majani na maji yaliyosimama, na watoto wasichezee hapo. Maji ya ziwa ya kuogea yachemshe, au yaweke kwenye pipa lenye mfuniko siku mbili kamili kabla ya kuyatumia. Kujikausha haraka kwa taulo usikutegemee. Jisaidie chooni, hata ukiwa kazini mtumbwini: subiri ufike nchi kavu.

Ukiumwa tumbo mara kwa mara, ukaharisha au ukaona damu kwenye choo, nenda kituo cha afya upimwe. Mtoto ambaye tumbo linamvimba asicheleweshwe, kwa kuwa ugonjwa ukikaa miaka huharibu ini. Dawa ni prazikwanteli, na kipimo chake hutegemea uzito wa mtu, kwa hiyo usigawane vidonge na jirani. Inaua minyoo iliyokomaa mwilini lakini haikingi: ukirudi kwenye maji yale yale, unaweza kuambukizwa upya.