Maji Yalichemshwa, Nini Kilifuata?

Mwaka 1986, Robert Kowalski na Marek Sergot walieleza kanuni ya programu za kimantiki: tukio huanzisha hali, nayo hudumu mpaka tukio jingine liikomeshe.

Mlipuko wa kipindupindu wa 2015 jijini Dar es Salaam ulianzia Kinondoni, wilaya iliyojumuisha Manzese wakati huo. Mathalani, mama alichemsha maji, lakini mtoto anaharisha. Kuchemsha kulileta usalama. Ni nini kilichouondoa? Je, kikombe kichafu kilitumbukizwa ndoani? Au chanzo ni chakula? Kumwambia “hukuchemsha” ni lawama, si uchunguzi. Mtoa huduma aulize matukio kwa mfuatano wake. Lakini kwanza mtoto apewe ORS na awahishwe kituoni. Chanzo kitafutwe uhai ukiwa umelindwa.