SOMO: FUKUSI MMOJA AU WAWILI?
Jinsi mdudu anavyotambuliwa na kupewa jina

Na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika



Katika daftari za ghala, sababu ya upungufu wa mahindi aghalabu huandikwa kwa neno moja tu: "wadudu". Neno hilo halimsaidii Bwana Shamba kuchagua dawa, wala halimwonyeshi mwanachama mali yake imekwenda wapi. Somo hili laeleza jinsi wataalamu wanavyomtambua mdudu asiyejulikana, na faida ya utaratibu huo kwa chama cha msingi.

1. Kanuni za kutoa jina

Mtaalamu anayedhani amepata aina mpya ya fukusi hawezi kuitangaza kwa kinywa tu. Kwanza, humlinganisha mdudu huyo na jamaa zake wote waliokwisha kuandikwa. Pili, huandika maelezo yake: urefu wa mwili, umbo la pua, vijishimo vya mgongoni, mabaka, miguu, na viungo vya uzazi. Tatu, humpa jina la Kilatini lenye sehemu mbili, la kwanza likiwa la ukoo na la pili lake mwenyewe, kisha hulichapisha. Nne, humteua mdudu mmoja awe kielelezo cha jina hilo, akahifadhiwa, aghalabu katika jumba la makumbusho.

Kielelezo hicho ni kama jiwe la mizani lililopigwa muhuri. Ubishi ukizuka, watu hurudi kwenye jiwe. Hawasikilizi nani anapaza sauti zaidi. Na mdudu akigunduliwa kuwa na majina mawili, kwa kawaida jina lililotangulia ndilo lenye haki.

2. Kisa cha fukusi wa nafaka

Fukusi wa ghalani tunamfahamu sote: ana pua ndefu, na mgongoni mabaka manne mekundu-mekundu. Jike hutoboa punje, hutaga yai ndani, kisha huziba tundu. Buu hula punje kutoka ndani, na madhara huonekana mdudu mzima anapotoka.

Mwaka 1763 Linnaeus wa Sweden alimwandika fukusi wa namna hii kwa jina ambalo leo ni Sitophilus oryzae. Mwaka 1855 Motschulsky wa Urusi alimwandika mwingine, Sitophilus zeamais. Hata hivyo, kwa muda mrefu wengi waliwahesabu kuwa mdudu mmoja mwenye maumbo mawili, dogo na kubwa. Mwaka 1928 Takahashi wa Japani alimpa yule mdogo jina jipya, sasakii, na mkanganyo ukazidi.

Kwa nini macho yalidanganyika? Kwa sababu ukubwa wa fukusi hutegemea pia punje aliyokulia. Yule mkubwa akikulia katika punje ndogo hutoka mdogo. Alama ya kuaminika ilikuwa imefichika: chini ya hadubini, kiungo cha uzazi cha dume wa zeamais kina mifuo miwili juu yake, ilhali cha oryzae ni laini. Mwaka 1961 Guillermo Kuschel alichambua majina hayo, akaonyesha kwamba oryzae ni yule mdogo na zeamais ni yule mkubwa. Jina sasakii likaanguka, kwa kuwa mwenyewe alikwisha kuwa na jina la zamani zaidi.

3. Kosa la jina ni hasara ya gunia

Mwanachama aweza kuuliza: hayo yanatuhusu nini? Jibu lilionekana Tabora. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilitambuliwa kwamba mdudu mgeni, mwenye asili ya Mexico na Amerika ya Kati, alikuwa akila mahindi ya wakulima wa huko. Ndiye dumuzi, ambaye wengine walimwita "Scania". Kwa wataalamu hakuwa mpya. Horn wa Marekani alikuwa amemwandika mwaka 1878. Mpya ilikuwa nchi aliyoiingia.

Dumuzi si fukusi. Hana pua ndefu. Kichwa chake kimeinamia chini, na mwili ni kama kipande cha mti kilichokatwa wima kwa nyuma. Huacha unga mwingi. Dawa ya pirimifosi-methili, inayomweza fukusi, haikumtosha dumuzi. Permethrini humweza dumuzi, lakini si nzuri kwa fukusi. Ndiyo sababu dawa hizo mbili zilichanganywa. Aliyemwita dumuzi "fukusi" na kutumia dawa ya fukusi peke yake alipoteza fedha ya dawa na mahindi pia.

4. Wajibu wa katibu

Aonekanapo mdudu asiyezoeleka ghalani:
(a) Wakusanye kadhaa, si mmoja, katika chupa ndogo yenye spiriti.
(b) Weka ndani karatasi iliyoandikwa kwa penseli, kwani wino huyeyuka: mahali, tarehe, aina ya nafaka, na aliyewakusanya.
(c) Andika habari hizo hizo katika daftari la ghala.
(d) Mpelekee Bwana Shamba kabla ya kununua dawa.

Katibu asiandike jina kwa kukisia. Ni afadhali kuandika "hajatambuliwa, chupa namba 1" kuliko jina lisilo na ushahidi.

Maswali ya majadiliano
1. Kwa nini ukubwa pekee hautoshi kumtambua fukusi?
2. Taja tofauti tatu kati ya fukusi na dumuzi.
3. Msimu uliopita, daftari la chama chenu liliandika nini juu ya mahindi yaliyoharibika? Je, Bwana Shamba angeweza kulitumia?