TB Ikishika Mshipa Mkuu wa Damu: Fanya Hivi

Daktari amekuambia TB imeshika aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni. Ni nadra, lakini hutokea. Mara nyingi vijidudu huvuka kutoka kwenye tezi au uti wa mgongo ulio jirani. Mshipa hulegea, hufura, na unaweza kupasuka. Tulia, kisha fuata haya.

Beba karatasi zote. Ukitumwa hospitali ya Jaramogi, ile ambayo Kisumu tunaiita Russia, au Nairobi, nenda na picha za CT, majibu ya vipimo na kadi ya kliniki. Makohozi yakikosa vijidudu, usidhani umepona. TB ya mshipa huenda isionekane humo.

Usichague kati ya kisu na dawa. Mshipa uliofura huhitaji mpasuaji, na mara nyingi kipande chake hubadilishwa kwa mrija bandia. Bila dawa, vijidudu vitaushambulia mrija huo pia.

Hesabu miezi. TB ya kawaida ya mapafu hutibiwa miezi 6: dawa 4 kwa miezi 2, kisha dawa 2 kwa miezi 4. Yako huenda ikafika mwaka au zaidi. Homa ikiisha, endelea. Mwisho wa dawa husemwa na daktari.

Oanisha dawa na kazi. Unavua omena usiku? Meza ukirudi alfajiri, kabla ya uji. Ukifuata samaki Mbita au Rusinga, chukua barua ya uhamisho kabla ya kupanda boti.

Taja kila unachomeza, dawa za mitishamba (manyasi) zikiwemo. Rifampisini, moja ya dawa zako za TB, hupunguza nguvu ya warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), vidonge vya kupanga uzazi na baadhi ya ARV. Mkojo wa rangi ya chungwa usikutishe; ni rifampisini hiyo. Macho yakiwa ya manjano au yakianza kuona ukungu, rudi kliniki siku hiyo hiyo.

Panga pesa mapema. Dawa za TB ni bure katika hospitali za serikali. Skani na upasuaji ni habari nyingine, kwa hiyo ulizia bima ya afya ya SHA kabla ya tarehe ya kulazwa.

Maumivu makali ya ghafla kifuani, mgongoni au tumboni? Kukohoa damu? Kuzimia? Usingoje kliniki ya Jumatatu. Amsha jirani mwenye gari, nenda kasualti usiku huo huo.