Mzunguko wa Maji: Mwalimu, Fanya Hivi, Acha Vile

Watoto wanafika Darasa la Tano wakichora bahari, wingu, mvua na mto bila kukosea mshale hata mmoja. Waulize dimbwi la barazani limekwenda wapi, wanakujibu limenywewa na sakafu. Sakafu ya saruji!

FANYA

Anza na dimbwi. Mvua ikikatika, toa darasa nje, zungushieni chaki ukingo wa maji. Kila kipindi kikiisha, chora mstari mpya. Kufika saa sita mistari imepangana, mmoja ndani ya mwingine, na jua limeshakufundishia. Hapo ndipo uandike "mvukizo" ubaoni, si kabla.

Leta juisi ya rozela. Hakosekani mtoto anayeapa kuwa jasho la chupa ya soda baridi limevuja kutoka ndani. Usibishane naye. Tia juisi yenye barafu kwenye glasi kavu, subirini, kisha mpe kitambaa cheupe aifute kwa nje. Kitambaa kinalowa, hakiwi chekundu. Maji hayo yametoka hewani.

Funika tawi la mwembe lenye majani kwa mfuko angavu, ulifunge asubuhi. Mfuko wa mkate unatosha. Mchana utakuta matone ndani, maana miti nayo hupeleka maji angani.

Taja mashamba ya chumvi ya Bagamoyo. Jua huchukua maji, chumvi ikabaki. Ndiyo maana mvua iliyotoka baharini haina chumvi.

USIFANYE

Usichemshe maji katikati ya watoto. Nimeona mkono wa mtoto uliobabuka kwa sababu mwalimu alitaka aone matone kwenye mfuniko. Mvuke huunguza kuliko maji yanayochemka: ukigusa ngozi hugeuka maji na kuachia joto lote ulilobeba. Isitoshe, unawadanganya. Wataamini maji hayaendi angani mpaka yachemke, na nguo zinakauka kambani kila siku mbele ya macho yao.

Usimimine maji ya moto kwenye chupa baridi ya glasi. Itapasuka.

Usiseme wingu ni mvuke. Mvuke hauonekani. Wingu ni matone madogo mno, na kule juu kwenye baridi kali ni chembe za barafu. Habari za pamba waachie wanaoshona mito.

Usilazimishe kila tone lipite mtoni hadi baharini. Takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mengi hurudi angani kutoka papo hapo. Mtoto wa Mwanza anaishi kando ya ukweli huo, nawe unamchorea bahari asiyowahi kuiona.

Na usiiache ardhi nje ya mchoro. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Dodoma inakunywa maji ya visima vya Makutupora, maji yaliyozama chini hasa miaka ya mvua kubwa, kama zile za El Nino za 1997 na 1998. Asiyejua kuwa maji hutembea chini ya ardhi ndiye atakayechimba choo hatua chache kutoka kisimani, kisha ashangae watoto wake wanaharisha. Kama mchoro wa darasa lako hauna mshale unaoshuka ardhini, uchore kabla ya kipindi cha kesho.